Kitambaa cha Bibi Nyuma ya Geji

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Tabora, upande wa Kitete, nikaudhika mpaka kichwa kikauma. Ni gari la fowili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu, na geji ya mafuta ilikuwa imeanza kusema uongo. Kijana wa watu akafungua skrubu, akavuta bamba lote la geji, akalilaza kwenye kiti juu ya kanga yangu, akawasha. Mshale ukaruka hadi juu. Akakuna kichwa, akasema, "Mama, hii geji imekufa, tutafute nyingine." Nikamwambia atoe kanga, bamba liguse bati la gari, halafu awashe tena. Mshale ukashuka hadi robo, pale pale ulipostahili kuwa. Akaniuliza nilisomea wapi ufundi. Mwenzangu, ningemjibu nini? Sikusomea popote. Nilimwona baba yangu akipoteza kazi kwa sababu ya kitambaa, basi.

Keti nikusimulie, maana hasira hii nimeibeba peke yangu muda mrefu na imenichosha.

Kijiji chetu kilikuwa mbele kidogo ya Choma, katika ile miaka ya vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari, shamba la pamba lilikuwa la wote, na kengele ya kwenda shambani ilikuwa rimu la lori lililotundikwa mtini. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Mchana tulitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa karanga. Hata leo nikisikia mtu anatafuna kitu kikavu mdomo wangu unajaa mate. Tulikuwa na ng'ombe, vumbi na gari moja. Gari hilo lilipeleka wagonjwa hospitali, lilibeba mbegu, lilimbeba mwenyekiti kwenda mikutanoni, na dereva wake alikuwa baba yangu.

Usidhani udereva ulikuwa kazi tu. Baba hakupenda jembe na jembe halikumpenda. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu ujana. Alipokaa nyuma ya usukani ule alikuwa mtu mwingine, anapiga mluzi, anatania watu njiani. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, mimi, baba na bibi mzaa baba, na furaha ya nyumba nzima ilitegemea baba aendelee kushika usukani.

Sasa, bamba la geji la gari lile lilikuwa linapiga kelele. Njia nzima kwenda Igunga linatetemeka, vumbi linapenya pembeni, mpaka abiria wanapiga chafya kwa zamu. Skrubu zake nne zilikuwa zinacheza kwenye matundu yaliyokwisha. Kebo ya spidi ilikatika zamani ikatupwa. Kiangazi kimoja baba akaamua kulifungua na kulisafisha, na hapo ndipo bibi alipoingia.

Bibi yangu alifuma vitambaa. Unazijua nyumba zetu, kila kitu cha heshima kina kitambaa chake. Redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, kiti cha mgeni kina viwili. Jicho lake moja lilikuwa limeshaingia ukungu, lakini alikaa mlangoni na sindano yake wiki tatu akifumia gari kitambaa cheupe chenye maua mekundu ukingoni. Akampa baba. Baba akakitandaza juu ya dashibodi, na safari ya kwanza upepo ukakipeperusha hadi porini, ikabidi mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali ashuke kukiokota. Bibi akasema, "Mwanangu, si ukibane na hilo bati lako? Litaacha na kelele."

Baba akaona ni wazo zuri. Nakuapia, hata mimi niliona ni zuri. Akakiweka kitambaa nyuma ya bamba, maua yakachungulia pande zote nne. Skrubu akazizungushia uzi uliobaki ili zikaze kwenye yale matundu, na chini ya vichwa vyake akaweka vipande vya mpira wa tyubu. Bamba likatulia kimya. Wanawake walikuja kulitazama kana kwamba ni mtoto mchanga, na bibi akapokea pongezi siku nzima akijifanya hazimhusu.

Tangu siku hiyo mshale wa mafuta ulikaa juu, kwenye kujaa. Baba alishuku, akaendelea na desturi yake ya kutumbukiza kijiti kwenye tangi kabla ya safari. Mwenyekiti akamkuta. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema lakini alipenda maendeleo kuliko akili. Akamwambia, "Bwana dereva, kijiti cha nini na geji ipo? Tumeacha mambo ya kubahatisha." Kijiti kikapigwa marufuku. Baba naye, badala ya kubisha, akakitupa.

Wiki moja baadaye walikwenda Tabora kwenye mkutano, mwenyekiti mbele, mshale umejaa. Katikati ya pori, mbali na Igunga na mbali na Nzega, gari likakohoa likazima. Tangi lilikuwa kavu, mshale bado umejaa. Mwenyekiti alitembea mpaka viatu vyake vipya vikamng'ata, akapakiwa kwenye baiskeli ya muuza kuku, akafika mkutanoni watu wanatawanyika. Bibi alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema baba yake mzazi alipita njia hiyo hiyo hadi pwani na pembe ya ndovu begani, na hakuna aliyemsikia akilalamikia viatu.

Lakini haikuwa kicheko. Kijiji kizima kiliona mshale umejaa gari likiondoka. Petroli imekwenda wapi? Watu wakaanza kusema baba ameiuza. Watu tuliokula nao, fikiria. Mwenyekiti akampa siku nne, mpaka mkutano wa kijiji, aeleze. Kama hana maelezo, funguo zitakwenda kwa mwingine.

Basi baba akaanza kufungua bamba. Siku nne hizo sitazisahau. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva nimtangazie mshale, yeye amelala chini ya dashibodi, vumbi linamwingia machoni. Akatoa betri kwanza, akafungua skrubu, akachomoa waya mmoja mmoja na kuufunga uzi wa rangi yake asije akachanganya. Akasafisha kila mahali kwa kisu na petroli. Akarudisha. Umejaa. Akafungua tena, akabadilisha waya wa kwenye tangi. Akarudisha. Umejaa. Kilichomtia wazimu ni kwamba akilivuta bamba nje na kulilaza juu ya bati tupu, mshale unashuka na kusema kweli. Akilifunga mahali pake, unapanda.

"Umeshuka?"

"Umeshuka, baba."

Anafunga skrubu nne, anapangusa jasho.

"Na sasa?"

"Umejaa."

Nilisema "umejaa" mara nyingi hata nikalichukia neno lenyewe. Bibi alileta maji, akaketi kwenye kigoda pembeni, akasema jambo moja tu kila baada ya muda, "Angalia usikichafue kitambaa."

Siku ya nne jua likiwa linainama, baba alikuwa amelipakata bamba magotini. Kona yake ikagusa bati, nikasema umeshuka. Akaliinua, nikasema umejaa. Akaligusisha, umeshuka. Nikaona anakitazama kitambaa, anatazama uzi kwenye skrubu, anatazama vile vipande vya mpira. Umeme wa gari lile ulikwenda kwa waya lakini ulirudi kwa bati, na kuna kidude nyuma ya geji cha kuupunguza nguvu, ambacho kisipogusa bati hakifanyi kazi, na mshale unapanda ovyo. Baba alikuwa amelifunika bamba zima kwa pamba na mpira, halina pa kugusa. Akatoa kitambaa polepole, akavua uzi, akafunga skrubu tupu.

"Robo," nikasema.

Bibi akauliza, "Ilikuwa nini?"

Baba akasema, "Waya, mama. Niliulegeza mwenyewe." Akakikunja kitambaa, akakilaza juu ya dashibodi, akakibana na jiwe.

Mkutanoni nilikaa na wanawake, karibu na bibi. Nilijua baba ameshinda. Alikuwa na la kusema, tena alikuwa na la kuonyesha, angeweza kuwaita wote kwenye gari na kuwaonyesha mshale ukipanda na kushuka. Hata lile la kijiti kupigwa marufuku, shahidi wake alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti akauliza, "Bwana dereva, ubovu ulikuwa nini?"

Baba akamtazama bibi, kisha akatazama chini.

"Nilifunga vibaya," akasema.

Akakaa. Maneno mawili, kwisha. Nilitaka kusimama nipige kelele, bibi akanivuta gauni akidhani nataka kwenda haja. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, kwamba wizi haujathibitika, lakini kijiji hakiwezi kumwachia gari mtu asiyejua kufunga skrubu nne. Funguo zikapewa kijana mmoja wa upande wa kisimani. Kesho yake rimu lilipogongwa, baba alitoka na jembe, na mluzi sikuusikia tena.

Yule kijana alidumu na gari misimu miwili, likafa. Sasa ngoja nikwambie kinachonikera mpaka leo. Haukupita mwezi, bibi alikwenda kumsalimia pale garini, akamkuta anapangusia kijiti cha oili kwa kitambaa chake. Kimeshakuwa cheusi, maua huyaoni. Bibi alirudi nyumbani, akaketi, akamwambia baba, "Kumbe hawakukipenda." Hakufuma tena.

Nilimkabili baba nikiwa mtu mzima, nimeshaolewa, kwa sababu nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Kazi ilikwenda, kitambaa kikaenda, mgongo ukakuishia shambani. Ungesema neno moja tu. Bibi asingekufa kwa neno moja." Alikuwa anakula. Akamaliza tonge lake kwanza, kama kawaida yake ya kuudhi.

"Bisibisi ilikuwa mkononi mwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia hilo si jibu. Akasema, "Kwangu ni jibu."

Kijiji kile sasa kimetawanyika, watu wamerudi kwenye mashamba yao ya zamani. Pamba wanalima wachache, na nimesikia gari lenyewe lilikatwa vipande, mabati yakazibia banda la mbuzi. Baba na bibi wamelala jirani, makaburi mawili, hatua tatu. Mwaka jana nilikwenda kupalilia. Nikamweleza bibi yote, kwa sauti, geji na uzi na mpira, ili angalau mtu ajue mwanawe hakuwa fundi mbovu. Nilipofika kwenye kitambaa nikageuka nikaliona kaburi la baba. Nikamwambia bibi ulikuwa ni waya.