Tazama Mdomo Wangu

Watoto wa shule humwita mdogo wangu Mwalimu Mdomo. Jina hilo lingewachekesha waliotulea, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa mpole kama yeye. Mama alikuwa akisema, huyu ukimkanyaga mguu atakuomba radhi kwa kuuweka njiani. Mwenye maneno ya kugawa nilikuwa mimi. Lakini Mungu hagawi kazi kwa kusikiliza nani ana kelele zaidi, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha watoto kusema.

Mimi niliishia darasa la saba, na nilipoambiwa kwamba amesomea tiba ya usemi nilidhani ni ualimu wa lugha. Sivyo. Yeye hupelekewa mtoto mwenye kigugumizi, mtoto ambaye ulimi wake umeshindwa na sauti fulani, mtoto wa miaka saba anayesema kama wa mitatu, na yule asiyesema kabisa. Anazizunguka shule za msingi peke yake, leo hii, kesho ile, na kila anapoingia ni mgeni. Shule moja humpa stoo, akakaa na mtoto katikati ya mafagio, mipira iliyopasuka na madawati yaliyovunjika miguu. Nyingine humpa kona ya chumba cha walimu, ambako mtoto mwenye kigugumizi hujaribu kutoa neno huku watu wazima wakinywa chai na kumtazama. Kuna siku hukuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo kasafiri, akafundishia nje ukutani, jua likiwapiga wote wawili.

Walimu humtania. Humwambia, mwenzetu unapiga soga na watoto, sisi tunameza chaki. Wazazi nao wana yao. Wapo wanaotaka mtoto akatwe chini ya ulimi ili mambo yaishe siku hiyo hiyo. Wapo wanaosema hata baba yake alichelewa kusema na sasa hanyamazi, mwacheni. Mdogo wangu huwasikiliza wote, kisha hurudi kwa mtoto.

Namna yake ya kufundisha naijua, maana nimemwona akiwafundisha wa jirani hapa kibarazani. Hukaa na mtoto goti kwa goti. Humwinua kidevu kwa kidole kimoja, taratibu, na kumwambia, "Tazama mdomo wangu." Mtoto anayejifunza sauti lazima aone midomo inavyokutana na ulimi unapokwenda. Ndiyo ada ya kazi yao, na asiyefanya hivyo hajafundisha. Basi ada hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Katika shule ile ya stoo alikuwako binti wa darasa la pili. Wenzake walimwita Uzi, kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake ni fundi cherehani. Uzi alisema maneno kama mtu aliyeyatafuna kwanza. Sauti nyembamba kama s, sh na f hazikuwamo kabisa. Aliziruka kama mtu anavyoruka madimbwi. Wenzake walimwiga mpaka akaacha kusema mbele yao.

Siku ya kwanza mdogo wangu alimuuliza mama mtu kuhusu masikio. Fundi akajibu kwamba mtoto anasikia sana, hata sufuria ikianguka jikoni anaruka. Mdogo wangu akasimama nyuma ya Uzi akapiga makofi, na Uzi akageuka. Mashine ya kupimia masikio iko hospitali kubwa, safari ndefu na foleni ndefu zaidi. Akaona hapana haja. Akamwambia fundi, akamwambia na mwalimu mkuu, kwamba masikio ya mtoto ni mazima, kazi iko kwenye ulimi.

Wakaanza. Na yule mtoto alijifunza, jamani, alijifunza kama aliyekuwa na njaa. Hakubandua macho yake kwenye mdomo wa mdogo wangu. Mwaka ulipokaribia kwisha alikuwa akisema sufuria, shati, fagio, na kusimulia habari za paka wao mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu alirudi nyumbani akiimba. Aliniambia katika watoto wake wote huyu ndiye aliyemwonyesha kwamba Mungu anaiona kazi yake.

Lakini darasani mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa darasa alilalamika kwamba Uzi hafuati agizo. Akiambiwa toa daftari, anatazama wenzake kwanza. Akiulizwa swali, anajibu jingine au anainama. Mwalimu mkuu akasema mtoto huyu hajakomaa, akae nyumbani mwaka mzima kwanza, dawati apewe mwingine, maana darasa limejaa hadi mlangoni. Kwa mtoto wa fundi, kurudishwa nyumbani ni kukaa chini ya meza ya kushonea akiokota vipande vya vitambaa. Na mtoto anayetoka shule namna hiyo, wangapi hurudi?

Mdogo wangu akamtetea. Aliwaita stoo, mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, wakasimama mlangoni, naye akakaa goti kwa goti na Uzi na kumuuliza maswali ya darasa lake. Uzi akajibu yote, tena kwa sauti. Mwalimu mkuu akaridhika, akasema basi abaki. Mdogo wangu alitoka pale moyo mweupe.

Hakujua alichokuwa amekifanya. Kwa sababu mwalimu wa darasa naye aliona kwa macho yake kwamba mtoto anajua, na anayejua halafu hajibu ana jina lake: jeuri. Tangu siku hiyo kila Uzi alipokosa kutii aliambiwa akasimame nyuma kabisa, ukutani. "Sikio la kufa halisikii dawa," mwalimu alisema, na darasa zima likacheka. Habari zikamfikia fundi kwamba bintiye anafanya kiburi shuleni.

Kisha mdogo wangu akapatwa na mafua. Mimi nilimwambia apumzike. Akasema watoto wa stoo wanamngoja, atavaa barakoa ili asiwaambukize. Akaenda.

Uzi alikuja, akakaa mahali pake, goti kwa goti. Mdogo wangu akamsalimu. Mtoto akamtazama tu. Akamuuliza habari za paka. Kimya. Akadhani ameamka vibaya, akadhani wamemchokoza, akapaza sauti. Mtoto akaanza kuhema kwa hofu, macho yakitafuta kitu usoni pake. Halafu akanyoosha mkono, akaishika ile barakoa kwa vidole viwili, akaivuta chini mpaka kidevuni. Akangoja.

 Mdogo wangu alimwambia Uzi akae atazame ukuta, yeye akaenda nyuma yake, akaanza kutaja vitu kwa sauti ya kawaida. Shati. Fagio. Jina lake mtoto. Uzi aliendelea kutazama ukuta, mikono mapajani, akisubiri somo lianze.

Jioni ile alirudi nyumbani hakugusa chakula. Akanieleza. Yale makofi mtoto aliyasikia kwa sababu yana kishindo, na sufuria vivyo hivyo. Sauti nzito zinamfikia, nyembamba hazimfikii, kwa hiyo maneno yanamwingia yakiwa yamepukutika kama kitabu kilicholiwa na panya. Ule mwaka wote mtoto alikuwa akisoma midomo. "Na mimi ndiye niliyemfundisha, dada," akaniambia. "Nimemfundisha vizuri mpaka nimemficha."

Kilichomtesa si hicho peke yake. Angeweza kunyamaza. Angemwomba mwalimu wa darasa amsogeze Uzi mbele kwa kisingizio chochote, macho au baridi, kisha akampeleka hospitali polepole, na hakuna ambaye angejua. Akisema kweli, mwalimu mkuu angepata sababu ya kumwondoa mtoto, safari hii kwa neno la mtaalamu. Na yeye mwenyewe, anayepewa stoo kwa kusitasita, nani angemwamini tena? Lakini akinyamaza, mtoto angeendelea kuhesabiwa jeuri, shuleni na nyumbani, mpaka hiyo hospitali ipatikane.

 Nilimchemshia maji ya kuoga, nikamwambia tusali kwanza. Tulisali, lakini nilimsikia katikati ya sala akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, akaomba na mwalimu wa darasa aitwe. Akawaambia kwamba alikosea. Kwamba Uzi hasikii vizuri na huenda hajawahi kusikia vizuri, na kwamba lile onyesho la stoo lilikuwa mtoto akisoma mdomo.

Mwalimu mkuu alimkumbusha kwamba ni yeye aliyesema masikio mazima. Mdogo wangu akakubali kwamba ni yeye. Mwalimu mkuu akasema basi mtoto huyu si wa shule hii, apelekwe shule ya viziwi. Mdogo wangu akajibu kwamba shule hiyo iko mbali, ni ya bweni na imejaa, na mtoto huyu anasikia nusu, si kiziwi kabisa; akikaa mbele, na mwalimu akisema huku amemwelekea badala ya kusema na ubao, atafuata. Aliomba dawati lake lisipewe mtu hadi hospitali iseme.

 Mwalimu wa darasa alikuwa akitazama mikono yake. Mwishowe akasema, "Mimi nilimsimamisha nyuma." Kisha akasema dawati la mbele lipo, ataliandaa yeye mwenyewe. Mwalimu mkuu alinung'unika, akasema sawa, mpaka hospitali. Ila habari hiyo kwa mzazi, akamwambia mdogo wangu, ataipeleka aliyekosea.

Fundi ana kibanda kando ya barabara, cherehani moja na kioo cha wateja. Mdogo wangu alimkuta akishona sare. Akamweleza yote akiwa amesimama, maana hakuthubutu kukaa. Fundi aliendelea kukanyaga cherehani mpaka alipoelewa, ndipo mguu ukasimama.

"Nilimchapa," akasema.

Akamgeukia mdogo wangu.

"Nilimwita mara tatu, mara nne, haitiki. Nikamchapa. Si mara moja, mwalimu. Nilisema mbona shuleni kwa mwalimu anasikia, mimi mamake ananidharau. Wewe uliniambia anasikia."

"Nilikwambia, mama."

"Nilikuamini kuliko macho yangu."

"Najua. Nisamehe."

Fundi akainamia ile sare akaanza kufumua mshono, na mdogo wangu hakujua kama ulikuwa umekosewa kweli au mikono ilitaka tu kazi. Baada ya muda akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Hakusema amesamehe. Alisema watakwenda wote watatu, kwa sababu yeye hataki tena kusimuliwa mtoto wake.

Walikwenda, wakaketi benchi hadi mchana. Masikio yote mawili yameathirika, tena si tangu jana. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, lakini ni kungoja, na mpaka ninapoandika haya bado wanangoja. Mwalimu mkuu alipopelekewa majibu alisema mtoto abaki mbele kwa sasa. Hilo "kwa sasa" linamkosesha mdogo wangu raha. Mwalimu wa darasa anajitahidi, lakini watoto ni wengi, na anaposahau huugeukia ubao, maneno yakaenda ukutani.

Mdogo wangu siku hizi amewarudia watoto wake wote, shule baada ya shule. Anawapima upya kwa kusimama nyuma yao na kutaja maneno. Amewapata wengine anaowatilia shaka, na mwalimu mkuu mmoja amemwambia sasa anaona viziwi kila mahali. Wazazi wanachoka kuambiwa hospitali. Amekonda. Nikimwambia ale, anakula kunifurahisha.

Fundi hakumwondoa Uzi stoo. Angempeleka kwa nani, wakati mtaalamu ni huyo mmoja? Ila hufunga kibanda chake akaja kukaa humo humo, kwenye dawati bovu, mikono imefumbatwa, akiangalia kila kinachofanyika. Salamu yake ni fupi. Wiki nyingi zilipita hivyo, na mdogo wangu akafundisha huku anatazamwa, ulimi wake mwenyewe ukimkwama.

Mpaka juzi. Somo lilikwisha, Uzi akawa anakusanya vitu vyake, na fundi akauliza, bila kumtazama mdogo wangu, mtu amwambieje mtoto wake kwamba alimwonea. Mdogo wangu akamjibu kwamba hajui maneno yapi, ila akae chini sawa na yeye, uso kwa uso, na aseme taratibu. Akaondoka kwenye kiti chake, akaenda kusimama mlangoni.

Fundi akakaa pale. Magoti yake na ya mtoto yakagusana. Alisema aliyosema, mdogo wangu anasema hakuyasikia yote, na hayakuwa yake kuyasikia. Uzi aliutazama mdomo wa mama yake mpaka ukafungika. Kisha akauliza kama kesho darasani atakaa mbele tena.

Mama yake akamwambia atakaa.

Uzi akamwomba aseme tena, ahakikishe. Na fundi, ambaye hajui mwalimu mkuu ataamua nini muhula ujao, akasema tena.