Mji Ninaoujua kwa Simu Tu

Sijawahi kukanyaga Ujerumani, lakini kuna mji mdogo huko, kando ya Mto Neckar, ambao naujua kuliko Louisville ninakoishi. Barabara kuu ni moja, na ukiimaliza umeumaliza mji. Jumapili hata sindano huipati dukani. Nyumba za zamani zote zina mbao zilizopishana ukutani. Ukiona tatu umeziona zote. Watu wanausifu kwa uzuri. Mimi unaninyima raha.

Mama anaishi huko kwa mdogo wangu wa kiume, ambaye kutwa yuko kazini. Kila saa kumi alasiri mama hutoka kwenda kuutazama mto, na tangu mwaka jana ameanza kusahau njia ya kurudi.

"Dada, mji wenyewe wa kuzunguka dakika kumi," mdogo wangu aliniambia, "atapoteaje?"

Nilimjibu vibaya, na sijutii. Kwenda mwenyewe siwezi. Makaratasi yangu ya Marekani hayajakamilika, nikitoka huenda nisiruhusiwe kurudi. Basi nikaukariri mji kwenye ramani ya simu, uchochoro kwa uchochoro.

Juzi mama alipiga simu ya video nikiwa mapumzikoni, kwenye ghala ninalofanyia kazi, Jeffersontown. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa ni wapi, mwanangu?"

Nikamwomba ageuze simu nione. Kwanza nikaona maji, karibu mno.

"Mama, rudi nyuma!"

Kisha ukatokea ukuta wa mawe wenye mistari iliyochongwa, kila mmoja na mwaka ambao mafuriko yalifika hapo. Ukuta huo naujua.

"Mto uwe mgongoni kwako. Panda ngazi. Sasa kushoto, kwa kinyozi."

Msimamizi akanionyesha saa yake. Nikampa mgongo.

"Naona mlango wa kijani," mama akasema.

"Huo huo, mama. Umefika."

Nikakaa juu ya maboksi. Nilijisikia fahari, nisiseme uongo: nimemvusha mama yangu mji mzima nikiwa ng'ambo ya bahari.

"Ufunguo huo hapo shingoni, mama."

Hakuugusa. Alibisha hodi, akangoja, akabisha tena.

"Fungua basi, mwanangu," akasema. "Mbona nakusikia unaongea humo ndani, na hunifungulii?"