Zima Picha, Tusikilize

Niliporudi kwa mama nilikuwa nataka kitu kimoja tu: anitazame, aone nilivyochoka, aniambie pole. Sikutaka ushauri, wala sikutaka kuombewa. Nilikuwa nimepika miaka kumi na moja katika shule ya bweni kule Igoma, Mwanza, ugali wa kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, moshi wa kuni asubuhi na jioni. Nyumbani nako ndoa ilikuwa imekufa polepole, kifo ambacho hakina hata matanga. Kazi ilipokwisha na ndoa ikaisha, nilipanda meli ya Nansio na begi moja, nimevaa gauni ambalo siku hizo lilikuwa linanipwaya.

Mama nilimkuta ufukweni, kambini. Kwetu Ukerewe wanawake wanaokausha dagaa huhamia mchangani kipindi cha giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo na mitumbwi inavua kwa taa. Mbalamwezi ikirudi, kila mtu hukunja turubai lake akaenda nyumbani. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono, akanigeuzia uso, akasema kwa furaha kabisa, "Umenawiri! Mjini kumekukubali."

Majirani walikuwa wananitazama kwa huruma, wengine wameshika tama. Mimi nilijua tu ninasimangwa. Mama yangu alikuwa na ulimi, na ndoa yangu hakuipenda tangu siku ya posa. Sikumjibu. Niliingia turubaini nikaweka begi chini, na neno lile nikaliweka moyoni, likakaa.

Kazi ya dagaa haikupi nafasi ya kununa vizuri. Alfajiri mitumbwi inaingia, unabeba ndoo, unamwaga, unatandaza juu ya nyavu kuukuu, unageuza, unafukuza kunguru na yangeyange, unageuza tena. Wingu likitokea unakusanya mbio, wingu likipita unatandaza upya. Mama alikuwa hodari kunishinda. Alichambua mawe na konokono kwa vidole bila hata kuinama kutazama, na dagaa waliokauka aliwajua kwa kuwaminya karibu na sikio. Nilimwonea wivu. Jioni mgongo wangu ulikuwa haunyooki, yeye ananiambia, "Kijana kama wewe!" Nikawa naongeza na hilo juu ya lile la kunawiri.

Umeme pale haufiki. Tulikuwa na sola moja iliyofungwa juu ya mti wa turubai, betri kuukuu ya gari iliyolazwa kwenye beseni ili isishike mchanga, na kati yake kidude chenye taa ndogo: kijani betri ikijaa, nyekundu ikikaribia kwisha. Betri ile ndiyo iliyokuwa starehe yetu yote. Jioni, baada ya kunawa, tulitazama tamthilia ya Kikorea kwenye simu yangu, ile ya kutafsiriwa, ambayo mtu mmoja anazungumza juu ya sauti za wote, anaigiza mama mkwe, anaigiza bibi harusi, na katikati anawatania. Jirani yetu wa turubai la pili ndiye aliyekwenda kujaziwa memori kadi Nansio. Kila jioni alikuja na kigoda chake.

Na mama ndiye aliyekuwa bwana betri. Simu haichajiwi kabla ya saa sita. Taa inawashwa ugali ukiiva, inazimwa ugali ukipakuliwa. Tulikula gizani tukipapasa mchuzi. "Haba na haba," alikuwa anasema, na kibaba chenyewe sikukiona. Hata tulipoanza kutazama hazikupita dakika mbili.

"Zima picha, tusikilize. Picha inakula chaji. Mtafsiri si anasema kila kitu?"

Basi napunguza mwanga mpaka mwisho, nalaza simu kifudifudi juu ya gunia, tunakaa watu wazima watatu gizani tukisikiliza muvi. Jirani alizoea, akawa anacheka mahali pa kucheka. Mimi nilichukia. Siku nzima nimekunywa jua na harufu ya dagaa, halafu ile nusu saa ya kuona watu waliovaa nguo safi nayo ninanyimwa. Nilikuwa nalala na hasira, naamka na hasira, na ninasema ukweli, kuna siku nilimwombea mama yangu ile betri imfie mikononi.

Siku moja jua liliwaka tangu asubuhi bila hata kiwingu. Jioni taa ya kidude ilikuwa kijani, nzuri. Tulikuwa tumebakiza sehemu tatu hadi mwisho. Nikawasha, mama akasema zima picha, nikalaza simu. Muziki ukapiga. Watu wakaanza kusema Kikorea. Tukangoja. Kikorea kikaendelea.

"Reo haina mtafsiri!" akasema jirani, ambaye kwake l na r ni ndugu wa baba mmoja. "Wametuwekea ambayo haijatafsiriwa."

"Si neno," nikasema, "leo tutatazama." Nikainua simu, nikaiegemeza kwenye ndoo, nikaweka mwanga wote. Uzuri ulioje! Kulikuwa na geti kubwa jeusi na mvua, na bibi harusi anatolewa nje na mama mkwe. Hatukuhitaji mtu wa kutuambia. Jirani alipiga makofi mapajani, akamtukana mama mkwe kwa Kijita. Mama alikuwa ametega sikio tu. Halafu akasema:

"Zima. Unamaliza betri."

Nikalipuka. Nilisema mengi ambayo sitayaandika, ya ubahili, ya mtu kulelewa gizani na kuzeeshwa gizani. "Betri imejaa, mama! Itazame mwenyewe!"

Akageuza uso kuelekea kwenye mti wa turubai. Akakaza macho. "Nyekundu ile," akasema. "Hata mtoto anaiona."

Ilikuwa kijani. Jirani alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akachukua kigoda chake taratibu, akatuaga, akaenda kwake.

"Tangu lini?" nikauliza.

Alikunja na kukunjua pindo la kanga. "Tangu mvua za mwaka juzi. Mwanzo ukungu, sasa vivuli."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenitoa hapa. Ungeniweka uani nichambue mchele nisiouona." Akapangusa pua. "Huku mchangani napajua. Jua nalisikia mkononi, najua betri imeshiba au ina njaa. Leo mliniacha nje ya muvi, hasira ikanikosesha."

Nikakumbuka mkono wake siku ile niliyofika, na ule uso alionigeuzia. Mtu akitoka mjini ndivyo anavyoambiwa, kwamba amenawiri. Mama alikisia salamu kama alivyoikisia ile taa. Nilijisikia mdogo, mjinga, na bado nimechoka vilevile, kwa sababu uchovu haujali nani alikuwa na haki.

Simu ilikuwa ikiendelea kwenye ndoo. Nikaanza kumsimulia, kwa sauti yangu kavu isiyo na utani wa yule mtafsiri. "Bibi harusi yuko getini. Mvua inamnyeshea. Ameshika begi moja."

"Analia?"

"Halii. Amesimama tu."

"Yukoje?"

"Amekonda," nikasema. "Amechoka sana, mama."

"Maskini," mama akasema. "Pole yake."

Nilimwonea gere mwanamke wa kwenye simu. Ninaona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi uliporudi tulikunja turubai, na safari ile sikumwacha aende nyumbani. Tulivuka hadi Mwanza. Daktari alimulika macho yote mawili, akasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mama, ambaye alinizaa mimi peke yangu, akacheka. "Kumbe nina watoto watatu! Na wote wamenirudia uzeeni." Daktari alicheka pia. Wakaanza na jicho la kulia.

Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini kwa ajili ya siku zile za matibabu. Bandeji ilipotolewa tulirudi pale jioni, na kwa kuwa umeme ulikuwapo, wa kumwaga, niliwasha taa, nikachomeka simu ukutani, nikatafuta ile sehemu ya mwisho ambayo hatukuwahi kuifikia. Nilitaka aone angalau ile nyumba kubwa na nguo zao. Nikamshikisha simu, mwanga wote.

Aliitazama kidogo, akanyoosha mkono kunirudishia.

"Zima picha," akasema.

"Mama, huu ni umeme wa ukutani. Hauishi."

"Umeme hauishi. Jicho hili ni moja, na ni la leo. Siwezi kuanza kulimalizia kwa Wakorea. Sogea hapa kwenye taa."

Nikasogea. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye mikato ya nyavu, akanigeuza huku, akanigeuza kule, kama anavyofanya kwa dagaa asiyemwamini. Alichukua muda mrefu. Nilisikia majirani wakifua uani, na ndoo ikijaa maji.

"Nilikwambia umenawiri," akasema.

"Ulisema."

"Na ukaninyamazia." Hakukiachia kidevu changu. "Kumbe umechoka hivi, mwanangu. Pole. Pole sana."

Nilitaka kujibu nimeshapoa, maana ndivyo pole inavyojibiwa kwetu. Sikuwa nimepoa.