Kiputo cha Darasa la Tatu

Siku wakaguzi walipokuja Shule ya Tillery, Renata Pruitt alivaa viatu vyake vya kanisani, na kengele ya asubuhi ilipolia vilikuwa vimeshaanza kumuuma. Alivivaa kwa sababu leo alikuwa na kazi mbili. Asubuhi angekuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mchana angekaa kwenye kikao cha wazazi aseme shule hiyo imemfanyia nini mwanawe.

Tillery ilikuwa shule ya mkataba. Serikali inatoa fedha, wenye shule wanaiendesha wanavyotaka, na mkataba ukikaribia kwisha watu wanatumwa kuja kutazama: watoto wanasoma kweli, wazazi wanasemaje, walimu wanasemaje. Wakiridhika, shule inaendelea. Wasiporidhika, likizo ya kiangazi ikianza mlango unapigwa kufuli, na kila mtoto anarudi shule ya mtaani kwake. Hapa mjini Memphis hilo si jambo la kusimuliwa. Mtaani kwa Renata kila mtu anaijua shule iliyokufa hivyo, na vijana wanacheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wake.

Mwanawe, Nyla, alikuwa ametokea huko huko mtaani. Alikaa shule ya pale miaka miwili, akatoka hawezi kusoma hata maandishi kwenye boksi la nafaka zake za asubuhi. Walimu wa kule hawakuwa wabaya, ila walikuwa wamechoka, na darasa lilikuwa halikaliki kwa ngumi. Kisha jina la Nyla likatoka kwenye bahati nasibu ya nafasi za Tillery, ile wanayoichezesha ukumbini wazazi wameshikana mikono kama wako kwenye maombi. Wakati huo Renata alikuwa anapanga vifurushi uwanja wa ndege huku akimalizia masomo ya ualimu. Alilia mpaka jirani yake ikabidi ampokonye funguo za gari amwendeshe nyumbani. Mwaka uliofuata aliomba kazi hapo hapo, akapewa darasa la tatu, na kwa kuwa Tillery ina darasa la tatu moja tu, Nyla akakaa mstari wa pili mbele ya mama yake, akimwita Bi Pruitt kama wenzake.

Sasa Nyla alikuwa anasoma kila kitu, mpaka matangazo ya mawakili barabarani, kwa sauti, hadi aambiwe anyamaze. Kwa hiyo watu walipoanza kunong'ona kwamba mkataba huenda usipite, Renata hakuwaza mshahara. Alimwaza Nyla akirudi kule alikotoka.

Mkuu wa shule, Bwana Mercer, alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, aliyekuja kutoka kaskazini na mapenzi makubwa na maneno makubwa. Wanafunzi aliwaita wasomi. Mtoto wa miaka minane aliyejimwagia maziwa kifuani, msomi. Asubuhi hiyo aliwakusanya walimu.

"Darasani mtoto anaweza kukosea jibu, wataelewa," alisema. "Koridoni hakuna cha kuelewa. Korido ndiyo sura yetu, jamani. Nataka viputo."

Kiputo kilikuwa hivi. Watoto wanapotoka darasani wanapanga mstari, mikono mgongoni, na kila mmoja anajaza hewa mashavuni kama ameficha kiputo cha sabuni mdomoni. Mwenye kiputo hawezi kuongea. Shule nyingi za huku zinawafundisha wadogo hivyo, kwa mchezo. Tillery hawakucheza. Akiongea mmoja, darasa zima linarudi mlangoni kuanza upya, na kiputo hakipasuki mpaka mwalimu aseme "pasueni."

Na darasa la tatu ndilo lililokuwa bora kwa viputo kuliko yote. Wiki iliyopita Renata alikuwa akiwatega. Mstari ukiwa katikati ya korido, anauliza ghafla: "Nani kaiona kalamu yangu?" Au, "Jamani, nani analia huko nyuma?" Anayejibu anapoteza pointi. Mwanzoni walinaswa kama panya. Kufika Ijumaa ungeweza kuwaambia paa linaungua, wakakutazama tu na mashavu yao. Renata alijivunia hilo, tusimfiche.

Mlangoni alikutana na Bi Earline Cobb, bibi yake Kezia, amebeba sinia lililofunikwa kwa foili.

"Hao wakaguzi nimewakaangia kambare," alisema Bi Earline. "Na tambi pembeni. Mtu akishiba hafungi shule ya watu."

"Bi Earline, utatuponza. Watasema tunawahonga."

"Samaki si hongo, mwanangu. Hongo ningewapa keki." Alimsukuma Kezia mbele. Mtoto alikuwa amevaa sweta la zambarau alilofumiwa na bibi yake, la mifuko miwili mikubwa. "Mchana nitawaeleza. Wajukuu zangu wakubwa walipigwa kule kwingine mpaka mmoja akapasuliwa nyusi. Hapa nikiingia nasikia viatu vyangu mwenyewe. Utulivu huu ndio unaonifanya nilale. Haya, na huyu kifua kimemkoroma tangu alfajiri, lakini dawa yake ya pumu ya kuvuta iko mfukoni."

"Sawa, Bi Earline," alisema Renata. Macho yake yalikuwa kwenye gari jeupe lililokuwa linaingia uwanjani. Wakaguzi walikuwa wamewahi.

Alikwenda darasani mbio. Akatupa macho: watoto kadhaa walikuwa na masweta yasiyo ya sare, jekundu hili, la vibonzo lile. "Yote yatoke. Leo ni bluu tupu. Nyla, yakusanye uyapeleke kwenye kapu la vitu vilivyopotea." Nyla aliyakumbatia yote yakamfunika kidevu, akatoka. Renata alikuwa amekwisha geukia ubao.

Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume mkimya na mwanamke wa mvi aliyeitwa Bi Lockridge. Walikaa nyuma ya darasa, wakasikiliza watoto wakisoma kwa zamu. Nyla alisoma ukurasa mzima bila kukwama, na Renata akahisi viatu vimeacha kuuma. Ikafika saa ya chakula. Wakaguzi walitangulia kusimama koridoni na Bwana Mercer, karibu na bwalo, ili waone mstari ukipita.

"Viputo," alisema Renata. Mashavu ishirini na kitu yakavimba. Wakatoka.

Ilikuwa kama alivyoomba. Hakuna kiatu kilichoburuzwa. Wakaguzi waliacha kuongea wenyewe, kwa aibu. Kezia alikuwa katikati ya mstari, mashavu yamejaa kupita wote, macho mbele, kifua juu. Bi Lockridge alimgusa mwenzake kiwiko akanong'ona, "Hebu mwone yule." Bwana Mercer alimtupia Renata jicho la furaha. Naye Renata akamwinulia Kezia dole gumba, na dole gumba lilikuwa pointi.

Kezia akipewa dole gumba huwa anacheka kwa macho. Safari hii hakucheka.

Renata akamtazama tena. Mabega ya mtoto yalikuwa yanapanda na kushuka upesi upesi. Pale chini ya koo ngozi ilikuwa inavutwa ndani. Midomo iliyobana kiputo ilikuwa na rangi ya majivu. Mlango wa bwalo ulikuwa pale mbele tu, wakaguzi walikuwa pale pale, na Renata akawaza: wapite kwanza, hatua chache, wapite. Akawaacha wapige hatua hizo. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Alimwona mtoto, akaiwaza shule.

Kezia alipiga magoti, mikono bado iko mgongoni.

Renata alikuwa sakafuni naye kabla hajajua ameinama. "Pasua, Kezia. Pumua, mwanangu. Dawa yako?" Alipapasa mfuko wa sketi, mtupu. Wa pili, mtupu. Mtoto alikuwa anavuta hewa kwa mlio mwembamba, na kila mlio ulikuwa mfupi kuliko uliopita. "Dawa yake iko wapi? Nani ameiona?"

Mstari ulisimama. Watoto wote walimtazama, mashavu yamejaa.

"Nauliza, nani ameiona dawa ya Kezia? Semeni."

Hakuna aliyesema. Macho yalikuwa yamewatoka, mmoja alikuwa anatetemeka, lakini hakuna aliyepasua. Walishaulizwa maswali koridoni wiki nzima. Walijua anayejibu anafanywa nini.

"Pasueni," alisema Renata, lakini sauti ilimtoka kama pumzi tu, na hata waliosikia hawakujua kama huo nao ni mtego. Ndipo alipomwona Nyla. Nyla alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanateleza juu ya mashavu yaliyovimba, na midomo ilikuwa imebanwa kwa nguvu zake zote. Renata alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili akayabonyeza mashavu yale, hewa ikatoka.

"Mama," alisema Nyla, neno ambalo hakuwahi kulitamka ndani ya jengo lile. "Iko kwenye sweta. Kapuni."

Kapu lilikuwa nyuma ya mlango wa bwalo. Renata aliviacha viatu vya kanisani hapo hapo sakafuni akakimbia peku, akalipindua kapu, akalivuta sweta la zambarau. Kezia alivuta dawa, mara ya kwanza haikuingia. Ya pili ikaingia kidogo. Renata alimkalisha, akamshika mgongo, akahesabu naye pumzi kwa sauti huku gari la wagonjwa likiitwa, na polepole ile rangi ya majivu ikaanza kuondoka midomoni. Watu wa gari walipofika walimpima, wakamwekea barakoa ya hewa, wakampigia bibi yake. Walipomwachia bibi huyo mtoto walisema atakuwa sawa, ila kidogo tu ingekuwa maneno mengine.

Mchana Bwana Mercer alimkuta Renata kwenye chumba cha walimu, ameketi, viatu mkononi.

"Bi Pruitt, sijui nikushukuruje," alisema, na alimaanisha. "Mwalimu aliyeokoa maisha. Hilo ndilo wanalotaka kusikia. Sema hilo, halafu sema la Nyla na kusoma. Na unajua kilichomgusa sana Bi Lockridge? Katika dharura vile, hakuna mtoto hata mmoja aliyepiga kelele. Ameniambia mwenyewe."

Renata alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Kikao kilikuwa maktaba. Wazazi walikuja wachache, wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika vifuani. Bi Earline aliingia mwisho akiwa amemshika Kezia mkono, akampakata ingawa alishapita umri wa kupakatwa. Nyla aliomba akae karibu na rafiki yake, akaruhusiwa. Sinia la kambare lilikuwa mezani, halijaguswa.

Bi Lockridge aliuliza wazazi wanaionaje shule. Baba mmoja alisema kazi za nyumbani ni nyingi lakini anashukuru. Mama mmoja alisema sare ni ghali. Kisha Bi Earline akasema.

"Mimi nina neno moja. Yule pale," alimwonyesha Renata kwa kidevu, "leo amenirudishia mjukuu. Ningekuwa nimekaa wapi saa hizi? Mniambie. Shule yenye mtu kama yule mnaifungaje?"

Bi Lockridge alitabasamu akamgeukia Renata. "Wewe ni mwalimu hapa na ni mzazi. Nilikuwepo koridoni. Nimetembelea shule nyingi, sijapata kuona watoto wametulia hivyo wakati wa hatari. Mmewafundishaje?"

Bwana Mercer alikuwa mlangoni, anaitikia kwa kichwa. Nyla alimtazama mama yake. Renata aliufikiria ule ukurasa Nyla aliousoma asubuhi bila kukwama, akaifikiria shule ya mtaani na ngumi zake. Jibu lilikuwepo tayari, fupi, na lingempendeza kila mtu. Akagundua kwamba amekaa kimya muda mrefu, meno yameumana, na mashavu yake mwenyewe yamejaa hewa.

Akaitoa.

"Hawakuwa wametulia," alisema. "Walikuwa wanajua dawa ilipo. Mwanangu alikuwa anajua. Niliwauliza wakashindwa kunijibu, kwa sababu wiki nzima niliwafundisha kwamba mwalimu akiuliza koridoni ni mtego. Wamejifunza vizuri. Mimi ndiye niliyewafundisha." Sauti ilimkatika, akaiokota. "Na sweta lenye dawa ni mimi niliyesema livuliwe, mpendezwe nyinyi. Bi Earline, ulishaniambia dawa iko mfukoni. Nilikuwa natazama gari lao. Na mtoto alipobadilika rangi nilimwona, nikasubiri apite kwanza. Siombi muifunge shule. Mwanangu amejulia kusoma hapa, sina pa kumpeleka. Lakini msiandike kwamba walitulia."

Bi Lockridge aliweka kalamu chini. Bwana Mercer alitazama sakafu. Pumzi za Kezia bado zilikuwa na mkwaruzo.

Bi Earline hakumtazama Renata. Alimshika mjukuu wake kidevu, akamgeuza uso.

"Nisikilize. Siku nyingine ukikosa pumzi, piga kelele. Popote ulipo. Iwe koridoni, iwe kanisani, awe nani mbele yako, piga kelele. Umenisikia?"

Kezia alifungua mdomo kujibu. Kisha akanyamaza, akageuka kwanza kumwangalia Renata, aone kama inaruhusiwa.