Shikanga, Pasi na Mwiko

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Shikanga alisimama uani na pasi ya makaa mikononi, ameinyoosha mbele kama mtu anayemrudishia jirani mtoto aliyejikojolea. Mkewe, Namalwa, alisimama kando na ule mwiko mkubwa wa kusongea obusuma, ugali wa watu wengi, matangani.

"Piga, Mama Cindy!"

Namalwa aliipiga pasi kutoka chini, paa! Pasi ikaruka, majivu ya jana yakammwagikia kichwani, naye Shikanga akarudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo.

"Leo nimeishika," alisema, akipangusa nyusi.

"Umeishika na mgongo. Mimi nachokanga, Baba Cindy. Wenzangu wanapiganga pasi kwa makaa, mimi napiga kwa mwiko."

Shikanga alikuwa mnunuzi wa dhahabu, akizunguka machimbo ya Ikolomani na mzani mdogo mfukoni. Wezi walikuwa wameshamvamia nyumbani kwake mjini Kakamega mara mbili. Mara ya pili walikula hata ingokho, kuku wa mchuzi, iliyokuwa jikoni, wakamwamuru Namalwa awaongezee mchuzi. Walipoondoka, Namalwa alisema: "Wakirudi tena watakukuta peke yako. Mimi nitakuwa kwetu Likuyani." Na Namalwa hakuwa mtu wa kutisha bure.

Ndipo Shikanga akaomba leseni ya bastola. Hakutaka ndogo. Hizo, alisema, ni za kutishia vifaranga. Alitaka ile ya silinda, yenye risasi nene kama kidole gumba, ambayo watu walimwambia ikifyatuliwa humpiga mwenye kuishika teke kama fahali wa mapigano wa Khayega. Kibali hakingetoka mpaka mkufunzi wa shabaha aridhike. Basi ndiyo sababu ya pasi, na ndiyo sababu ya mwiko.

Mazoezi yalimwingia mwilini kuliko alivyotaka. Ikafika mahali Namalwa akiinua mwiko kupakua ugali tu, Shikanga anafumba macho na kuruka nyuma pamoja na kiti. Jirani yao Wesley aliliona hilo siku moja, akaita kupitia ua:

"Mzee, huyo mama anakupiganga?"

"Ni mazoezi!"

"Hata mjomba wangu alikuwa anasemanga hivyo."

Siku ya mtihani walipokewa na mkufunzi, Kemunto, afande mstaafu, kwenye kiwanja cha shabaha nje ya mji. Namalwa alikuwa ameuviringisha mwiko kwenye leso, maana mumewe alisema huenda mikono ikahitaji kupashwa moto.

"Sikiza, mzee," Kemunto alisema. "Panua miguu. Egemea mbele kidogo. Shika na mikono miwili, viwiko usivikaze kama mti. Acha teke lipite liende zake juu. Kidole gumba kaa nacho mbali na mbele ya silinda, moto hutokea hapo. Na tunaanza na risasi moja tu, teke likikushinda usije ukafyatua ya pili bila kujua."

"Afande, hayo yote nimeyafanya na pasi."

"Na nini?"

"Pasi."

Kemunto alimtazama Namalwa. Namalwa akatazama nyasi.

Walivaa vifuniko vya masikio. Shikanga alifyatua. Ndege wote wakatoka mtini, na risasi ikachimba udongo, mbali kabisa na ubao wa shabaha. Kemunto akakunja uso. Aliichukua bastola, akampa Shikanga mgongo, akafungua silinda, akaifunga, akamrudishia na kumwashiria: tena.

Shikanga akapanua miguu. Akaegemea mbele. Akavuta.

Tik.

Shikanga akaruka. Alikipita kinyumenyume kiti cha plastiki kilichokuwa nyuma yake, akalala chali nyasini, macho yamefumbwa, bastola inatazama mawingu, Kemunto ameshaudaka mkono wake.

"Nimeishika!" alipiga kelele. "Mama Cindy, umeona? Nimeishika!"

Kemunto aliitwaa bastola, akamwinulia kifuniko cha sikio moja.

"Mzee, haikuwa na kitu ndani."

"Lakini imenipiga!"

"Umejipiga mwenyewe. Mwili wako unaruka kabla teke halijaja, ndiyo maana ile ya kwanza ilienda chini. Ni nani huyu alikufundisha kungoja kupigwa?"

Namalwa alizidi kuufunika mwiko na leso.

"Siwezi kukutilia sahihi," Kemunto akasema. "Rudi mwezi ujao tuanze na ndogo."

"Ya vifaranga?"

"Hiyo hiyo ya vifaranga."

Shikanga aliinuka, akajipangusa nyasi. Mwezi mzima! Akilini aliwaona wale wezi wakiramba mchuzi. Aliiona nyumba yake bila Namalwa. Akakirudisha kifuniko sikioni, akatoka getini, akashika barabara ya Webuye, ile iendayo Likuyani.

"Vifuniko vyangu!" Kemunto aliita. Shikanga hakusikia.

"Baba Cindy! Nyumbani ni huku!" Namalwa alimkimbilia, mwiko mkononi, akamvuta shati. Shikanga aligeuka, akauona mwiko, akaruka kando.

"Si ulisema wakirudi utaenda kwenu?" alisema kwa sauti kubwa ya mtu aliyeziba masikio. "Basi mimi natangulia. Wakija wasikute mtu. Wewe ukifika utanikuta."

"Kwetu? Kwa mama yangu? Mkwe analalanga wapi kwa mama mkwe? Huo ni mwiko!"

Hilo pia hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kwenda, ameegemea mbele kidogo, viwiko vimelegea, sawasawa na alivyofundishwa. Kakamega hakurudi tena.