Parachuti Iliyongojea Maombi

Jamani, mkiniona nacheka msidhani siku ile nilicheka. Hadi leo nikipita kijijini kwetu Mraru watu huangalia juu kwanza, halafu wananiangalia mimi, na najua wanachokumbuka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona majoho ya kwaya. Binamu yangu Mwadime ni fundi wa pikipiki, na ndiye aliyeleta wazo la kutengeneza parachuti za injini: kiti chenye magurudumu matatu, injini na panka nyuma, kitambaa kikubwa juu, na mtu anapaa polepole. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda letu la mabati (msicheke, tulikuwa na kibao!). Mwadime aliacha kazi mjini Voi kwa ajili yake, na mteja tulikuwa naye mmoja tu, mzee wa ranchi aliyetaka kutafuta ng'ombe wake akiwa angani. Akipenda, kiwanda kinaishi. Asipopenda, basi.

Sasa, chombo hicho kinataka asubuhi mbichi, kabla upepo haujaamka. Siku ya kumwonyesha mzee nishafunga mkanda (rubani ni mimi kwa sababu Mwadime ana kitambi), hewa imetulia kabisa, mama akasema, "Wakesho, hamwezi kuanza kazi bila maombi. Mngojeni mchungaji." Nikasema sawa, tumngoje. Nani angekataa? Mchungaji akaja jua lishapanda, akaanzisha wimbo, akaombea injini, akaombea panka, akaombea kila uzi nilioshona, na huku nyasi zimeanza kulala upande mmoja.

Mwadime akaninong'oneza, "Sema amina kwa nguvu, labda atamaliza."

Nikasema. Mchungaji akadhani nimeguswa na roho, akaanza upya.

Mwishowe nikapaa. Aki, nikifunga macho bado niko huko: milima ya Sagalla imetulia na rangi yake ya buluu, reli inang'aa, ndovu wekundu kwa vumbi wadogo kama njugu, nami nimening'inia chini ya kitambaa nilichoshona kwa mikono yangu. Machozi yalinitoka. Nikampungia mama mkono, naye akanipungia, kisha nikaona mama anazidi kuwa mdogo na bado tunatazamana uso kwa uso. Nilikuwa narudi nyuma! Injini inasukuma mbele, upepo unanishinda, nakwenda kinyumenyume hadi ng'ambo ya barabara, na waliobaki chini wanapiga vigelegele, wanadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Hata kupiga kelele nilisahau, kulikuwa kuzuri mno.

Nikatua kwa makalio ndani ya boma la ng'ombe la mzee yule yule. Ng'ombe wakavunja ua, wakatawanyika vichakani wote, isipokuwa ndama mmoja aliyefunikwa na kitambaa pamoja nami, akawa ananilamba sikio.

Mzee akafika anahema, akafunua kitambaa. "Binti, mimi nilitaka chombo cha kutafuta ng'ombe. Hiki chako kinawapoteza."

Mwadime naye akafika mbio. Alikunja kitambaa taratibu, kona kwa kona, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko makalio.

Kibao tuliking'oa, yeye akarudi Voi kwenye pikipiki zake. Kitambaa siku hizi ni hema la harusi na matanga. Mchungaji akiomba chini yake na upepo ukakiinua, mimi na Mwadime tunakimbilia nguzo, tunashika, tunatazamana. Nimeapa: nikiruka tena, maombi yatafanywa jioni, nami nitaruka kesho yake asubuhi.