Nitue, Bwana

Kabla hujasema kwamba hizi ni hadithi za kuotea moto, ujue kwanza anayesema ni nani. Mimi ni mtu wa diploma. Diploma ya kilimo, miaka mitatu nchini Uganda, karatasi yenye muhuri. Sikusomeshwa na chifu wala na misheni. Nilijisomesha kwa jembe langu na pamba yangu. Nimesoma udongo, nimesoma wadudu, nimetazama tone la maji kwenye darubini nikaona vilivyomo. Mtu wa namna hiyo hatishwi na kivuli. Kwa hiyo nikikuambia nilichokiona mchana kweupe, saa saba, jua likiwa utosini, uniamini. Na kama huwezi kuniamini, nenda Bariadi ukawaulize waliokuwa uani siku ya tisa.

Ilikuwa katikati ya miaka hii ya hamsini, mwaka uleule niliorudi nyumbani. Nilirudi na kofia ngumu ya jua kama ya Wazungu, kaptula iliyopigwa pasi kwa wanga, soksi ndefu hadi magotini, na pikapu yangu mwenyewe. Watu wakaniita Bwana Shamba, na sikukataa. Nani angekataa?

Aliyenilea ni mjomba wangu Masunga, ndugu wa mama yangu. Hakuwa mzee sana, ila macho yake yalikuwa yameharibika, anaona mwanga na kivuli tu. Niliporudi nilimwuliza anataka nimfanyie nini. Nilitegemea aseme blanketi, au ng'ombe. Akasema, "Nipeleke pale mto Simiyu unapoingia ziwani."

Sababu niliijua. Vita vya Mjerumani vilipokuja, kaka yake mkubwa, Ngasa, alikamatwa kuwa mpagazi. Mjomba alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Habari ya mwisho iliyofika nyumbani ilisema Ngasa ameonekana mlangoni mwa mto, ana sanduku la risasi kichwani. Basi. Hakuna aliyemwona akifa. Bibi yangu akakataza watu wasinyoe nywele za msiba, akasema hazikwi mtu ambaye hajulikani aliposimama. Bibi akafa bila msiba wa mwanawe kuwekwa. Sasa deni hilo la msiba lilikuwa juu ya mjomba peke yake, na alitaka kulimaliza kabla naye hajafa.

"Utapaona kwa macho gani, mjomba?" nilimtania.

"Wewe utaona, mimi nitasikia," alisema. "Kama sivyo, mtoto kusoma kuna faida gani?"

Tuliondoka alfajiri, tukapita Ngulyati watu wakiwa bado wanafungua mazizi, na saa tatu tulikuwa mtoni. Nilikuwa nimeagiza mtu wa kututembeza, mvuvi mmoja aitwaye Mzee Magesa, mwenye mtumbwi mrefu na ulimi mrefu kuliko mtumbwi. Nilijitambulisha kwake kikamilifu, na diploma nikaitaja.

Akaniangalia kofia, akaniangalia soksi. "Hiyo diploma inaogelea?"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Nikiri kwamba Magesa alijua kazi yake. Alitupandisha kwanza kwenye kilima kidogo, akatuonyesha handaki la Wajerumani, limejaa nyasi na mbigili. Akampa mjomba maganda ya risasi ayapapase. Wavuvi wa pale huyaokota na kuyafunga kwenye nyavu zao ili zizame. Akasema meli za Mwingereza zilitokea upande ule wa ziwa asubuhi, na wapagazi walikuwa wanavushwa kwenye tope, mstari mmoja. Amri yao ilikuwa moja: asitue mtu mpaka bwana aseme. Aliyetua bila amri alichapwa kiboko. Mizinga ilipolia, bwana wao, mwenye kofia ngumu kama yangu, alikimbia na punda wake. Hakusema neno.

"Na wapagazi?" mjomba akauliza.

"Wapagazi walisubiri," alisema Magesa, akageuka kuelekea mtumbwini.

Tukaingia kwenye mafunjo. Ninyi mnaojua mto huu pale daraja la barabarani tu, hamjui kitu. Kule chini mto hugawanyika vijito vingi, kila kijito kina mwenyewe. Tuliona akina mama wakitega migono ya kunasia samaki kwenye maji ya kiunoni, wakitukanana kwa furaha kuhusu nani ameiba nafasi ya nani. Tuliona mashamba ya mpunga, na mimi nikawaeleza kasoro zake. Tuliona wanaume wakimchimba kamongo, yule samaki wa matopeni, kwenye tope kavu kwa jembe, kama viazi. "Huyu hulala miezi humu," Magesa alisema. "Mvua ikija, anaamka na njaa yake ileile." Mjomba hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuta sauti nyingine.

Mchana tulifika kwenye kijito chembamba ambako hakukuwa na mtego hata mmoja. Magesa akapunguza kupiga kafi. "Hapa mkiniona nimenyamaza, nanyi mnyamaze," alisema. "Mkisalimiwa, msiitikie."

Nilitaka kumwuliza ana maana gani. Sikuwahi.

Mbele yetu, hatua kumi hivi, mtu alikuwa amesimama majini. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kaniki kiunoni, maji yamemfika magotini. Kichwani ana sanduku refu la mbao lenye vishikio vya kamba, ameliinulia mikono yote miwili. Shingo ilikuwa imeingia mabegani. Upepo ulikuwa unayumbisha mafunjo na maji yote yalikuwa na viwimbi, isipokuwa pale aliposimama. Pale maji yalikuwa kama kioo.

"Mwangaluka," akasema.

Saa saba mchana, mtu anatoa salamu ya asubuhi! Hata mimi niliyekaa Uganda sijasahau kwamba saa hizo watu husema mwadila. Nikaona huyu ni mlevi au mjinga. Magesa alikuwa anatazama sakafu ya mtumbwi, midomo ameibana. Yule kijana akaiangalia kofia yangu, akakaza magoti kama askari.

"Nitue, bwana?"

Sasa sikiliza neno hilo, maana kila kitu kiko humo. Nitue. Mimi nililisikia kama linavyosemwa na mtu wa chini kwa mkubwa wake: niruhusu niweke mzigo chini. Na Mungu anisamehe, lilinipendeza. Nikakunja uso kama mabwana niliowaona, nikatoa sauti ya kifuani.

"Bado! Beba! Songa mbele!"

Nikacheka. Nilitegemea nao wacheke.

Lakini mjomba alikuwa amelisikia neno lilelile kwa namna nyingine, kama unavyolisikia njiani mtu aliyeelemewa anapokuomba umsaidie: nishushie mzigo, ndugu yangu, peke yangu siwezi. Alikuwa ameshasimama, mtumbwi unayumba.

"Ngasa?"

Yule kijana akageuza macho tu, shingo haikuweza. Akamtazama mjomba kwa muda, mvi zake, ndevu zake.

"Masunga," akasema. "Umekua."

Mjomba akashuka majini. Nilimshika shati, likachanika mkononi mwangu. Akaenda moja kwa moja, yeye asiyeona, mikono ameinyoosha juu. "Nipe, kaka," alisema. "Wewe umechoka." Nikaona sanduku likihama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Halafu palepale yale maji yaliyokuwa kioo yakaanza kucheza kama mengine, na hapakuwa na kijana wala sanduku. Alikuwepo mjomba tu, mikono juu, shingo imeingia mabegani.

"Nitue, mwanangu," akaniambia.

"Mjomba," nilisema, "kichwani huna kitu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Mimi niliyeona kwa macho yangu, mwenye diploma.

Magesa alimsaidia kupanda. Mtumbwi ukazama mpaka maji yakabakiza vidole viwili kuingia, na Magesa akawa anayachota yaliyorukia ndani njia nzima. Alipotufikisha nchi kavu alisema, "Nilisema msiitikie. Wewe hukuitikia tu, umeamuru." Kwenye pikapu matairi ya nyuma yalibonyea. Nikasema ni mchanga.

Nyumbani mjomba hakuweza kuingia ndani. Kila akiinama mlangoni, kitu kiligonga boriti ya juu, ko, na yeye akarudi nyuma. Akakaa uani, amegemea ghala, mikono juu. Alikula uji kwa kunyweshwa na mkewe, mama Minza. Hapati usingizi. Akisinzia, shingo inampinda, anashtuka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nilifanya yote ambayo msomi angefanya. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni mishipa ya shingo imekaza, akatoa dawa ya kuchua. Nikamchua. Nikamweleza mjomba habari za mishipa kwa Kiswahili chepesi. Usiku nilikuwa nazunguka boma, nahesabu hatua, nasikia pumzi zake zikikwaruza. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, naenda kumwangalia, namkuta macho wazi. "Nitue," ananiambia taratibu, kama mtu anayeomba maji.

Siku ya sita mama Minza alisimama mbele yake, akainua mikono kumpokea. Mikono yake ikashika hewa.

"Wewe huwezi, mama," mjomba alimwambia. "Aliyesema beba ndiye wa kusema tua."

Mama Minza akanigeukia. "Umesikia? Vyeti vyote hivyo, na mikono miwili umeisahau ulikoisahau?"

"Basi nitafanya," nilisema. "Tungoje giza liingie, watu wakalale."

"Unaona haya?" aliniuliza.

Ndiyo, niliona haya. Mimi Bwana Shamba, nisimame uani kupokea hewa kichwani mwa kipofu, wakulima wangu wakitazama? Siku tatu zaidi nilimwacha mjomba wangu chini ya ule mzigo kwa sababu ya haya. Usiku wa saba nilikwenda kweli, nikainua mikono gizani. Nikashika hewa kama mama Minza. Nadhani mtu anayejificha hawezi kutoa amri.

Siku ya tisa asubuhi alikataa uji. Midomo ilikuwa ya kijivu. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanawake wameanza kuinamisha vichwa kama watu wanaojua kinachokuja. Nikatoka ndani. Nilivua kofia, nikaiweka juu ya kinu. Nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele ya mjomba, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Tua, mjomba. Safari imekwisha. Tua."

Nikainua mikono, na vidole vyangu vikagusa mbao.

Mbao mbichi, baridi, yenye utelezi wa tope la mtoni. Nikatafuta kamba, nikazishika. Uzito wake siwezi kukueleza. Nilibeba magunia ya pamba tangu utotoni, lakini sanduku hili lilinivuta mabega kama linataka kuyang'oa. Nililishusha kidogo kidogo mpaka likagusa ardhi, na vyuma vikagongana ndani yake. Watu wote uani walisikia. Mzee mmoja jirani alikimbia akaacha fimbo yake.

Shingo ya mjomba ikainuka. Alipumua mara moja, pumzi ndefu, akajinyoosha palepale vumbini, akalala mpaka kesho yake. Alipoamka aliomba maji, kisha akaomba wembe. Tukanyoa nywele, wote, na msiba wa Ngasa ukawekwa siku zake zote. Mjomba aliishi mpaka akavuna tena pamba mara mbili, na alikufa kitandani, amelala chali, mikono kifuani.

Sasa wewe unafikiri yameisha. Pale uani, nilipolishusha lile sanduku lisiloonekana, pana shimo la pembe nne, urefu wa mkono, kina cha vidole vinne. Tumelifukia mara nyingi. Asubuhi lipo. Ng'ombe wakitoka zizini hulizunguka.

Na kuna jambo jingine ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Mwaka huu Magesa alimtuma mtu kuniambia kwamba siku hizi kwenye kile kijito wapagazi hawasimami mmoja mmoja. Wanasimama mstari. Wanamwuliza bwana mwenye kofia atarudi lini, maana wamesikia yuko bwana anayejua kusema tua.

Sijaenda. Nimewasha pikapu mara tatu, mara zote nimefika Ngulyati nikageuza. Nawaambia watu nina kazi nyingi ofisini.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukitembezwa kule kuona handaki na mafunjo, ukasalimiwa salamu ya asubuhi wakati wa mchana, usifanye mzaha, wala usijifanye mkubwa wa mtu. Ukiulizwa neno lile, jibu neno moja tu, na mikono yako iwe tayari. Ni neno fupi, halihitaji shule. Mimi ninalo, nalisema kila siku nikiwa peke yangu chumbani, na wao bado wamesimama majini.